Siku Niliyokwambia Nimezima

Nekesa mwanangu, mama yangu,

Mambo ya blanketi, mafuta ya kujipaka na nani wa kumpigia ukifika Nakuru kuanza kazi yako ya ufundi wa stima, mamako ameshayamaliza, na ukisahau lolote atakukumbusha kwa simu kabla gari halijafika hata Bumala. Huko sina la kuongeza. Nimekaa hapa mezani kuandika jambo moja tu. Nikiliandika vibaya nivumilie, maana mkono huu umezoea bisibisi kuliko kalamu, na jambo lenyewe lina aibu.

Leo mchana, wageni wakiwa bado wanakula, uliisimulia tena ile hadithi yako. Ulisimama katikati ya sebule ukainua mkono wa kulia, ukawaonyesha alama iliyo kwenye kidole, ukasema, "Hii ndiyo satifiketi yangu ya kwanza. Nilibatizwa na stima Malaba nikiwa darasa la saba. Baba aliniambia usiguse kushoto, mimi na kichwa changu ngumu nikagusa kushoto!" Watu wakacheka. Halafu ukamgeukia mjomba wako Etyang, aliyekuja na pikipiki kutoka Adungosi na kukubebea njugu za safari, ukamwambia, "Mjomba yeye aliona tu nikitingishwa, akaacha ufundi siku hiyo hiyo. Mpaka leo taa anawasha kwa kijiti!"

Nyumba nzima ikavunjika mbavu. Etyang mwenyewe alicheka, akajipangusa mdomo, akasema, "Huyu mtoto ataniua." Na mimi, Nekesa, nilicheka kuliko wote. Nilipiga hata meza. Kisha nikatoka nje nikijifanya naenda kuangalia kuku, nikasimama nyuma ya jiko nikashindwa kujiangalia hata kivuli.

Basi sikiliza, na ulijue kabla hujapanda gari. Siku ile Malaba hukugusa waya usiopaswa kugusa. Hukukosea kitu. Stima ilikuwa inawaka, mimi nilijua inawaka, na nilikwambia nimezima.

Nimeyaandika. Sasa nikueleze tulivyofika pale, maana uliona kipande kidogo tu, na hicho kipande pia nilikuharibia.

Miaka ile mimi na Etyang tulikuwa tunafanya kazi pamoja, Busia na Malaba yote. Yeye ndiye aliyekuwa fundi kweli. Mimi nilikuwa na mdomo. Nilikuwa pia mwembamba, na wafanyabiashara waliniita Mjusi kwa sababu hakuna mwanya nilioshindwa kupita. Unajua vyumba vya mpakani vilivyo. Mwenye nyumba anagawa chumba kimoja kwa mbao mara tatu, na kila mpangaji anajaza bidhaa hadi darini, kwa sababu hapa nafasi tupu ni kama mtoto aliyekaa bila kazi, kila anayepita atamtuma. Na nafasi inayoliwa kwanza ni ile iliyo mbele ya bodi ya stima, lile boksi la swichi ukutani. Nilikuwa naingia ubavu, tumbo ndani, mkono mmoja juu, natengeneza, nikitoka mgongo umejaa unga. Watu wakinipigia makofi. Nilijiona mtu wa maana sana, we!

Etyang alikuwa hapendi. Kila mahali aliuliza, "Nafasi iko wapi?" Alikuwa na mazoea ya kusimama mbele ya bodi, kupiga hatua moja kubwa nyuma bila kuangalia, halafu kupiga magoti. Akigusa kitu, hafungui hata boksi la vifaa. Anamwambia mwenye duka, "Ondoa hivi vitu, boss, halafu niite." Tulipoteza wateja kwa sababu ya hayo magoti yake. Mimi nilikuwa nikimcheka mbele ya watu. Nilisema huyu shemeji yangu anaswali mbele ya stima. Nilidhani ile sheria ya kuacha nafasi wazi mbele ya bodi iliandikwa na watu wanene kwa ajili ya mafundi wanene.

Mama Trizah unamkumbuka, yule wa duka la jumla, sukari na trei za mayai kutoka ng'ambo ya Uganda, na kisiagi chake cha mahindi kwenye chumba cha pili. Tulipomfungia stima duka lile, alijua mkaguzi wa stima atakuja kupima nafasi hiyo. Na chumba cha bodi kilikuwa kimeshajaa sukari kabla hata rangi haijakauka. Sasa nani alimpa akili? Mimi. Nikamwambia, "Mama, siku hiyo magunia yaende kusalimia shangazi." Nikatafuta vijana wa mikokoteni, nikapanga na dada yake aliye na stoo upande wa Uganda, na asubuhi ya ukaguzi sukari yote ikavuka mpaka. Mkaguzi alikuta chumba kimefagiwa, akatandaza futi yake mbele ya bodi, akaridhika. Yule mtu hakuwa na kosa, alipima alichokiona. Jioni sukari ikarudi. Tukacheka hadi machozi, Mama Trizah akatuchinjia kuku.

Etyang hakula. Aliniambia, "Tumempimisha mtu chumba ambacho hakipo." Nikamjibu ale kuku, aache kuhubiri.

Baada ya hapo habari zikaenea, na kila mwenye duka aliyekuwa anangoja mkaguzi alinitafuta nimpangie safari ya kwenda kwa shangazi. Sikuona ubaya. Nilijiita mtu wa kusaidia watu.

Ile siku yako ilikuja wakati wa likizo. Mama Trizah alipiga simu kwamba bodi inanuka, swichi moja inaungua. Ulikuwa umenisumbua wiki nzima nikuchukue kazini, nikakuchukua ubebe boksi la vifaa. Tulipofika, magunia yalikuwa yamepangwa hadi darini, na kati yake na bodi umebaki mwanya wa kupita paka. Nilijaribu kuingia. Ai! Mjusi alikuwa ameshakula ugali mwingi mno. Tumbo lilikataa. Mama Trizah akacheka, na wale wateja wa kisiagi waliokuwa wakichungulia mlangoni wakacheka, na nakuambia kweli, kicheko kile kiliniuma kuliko kitu chochote.

Nikamwambia Etyang aingie yeye, kwa kuwa alikuwa bado mwembamba. Akasema, "Magunia yatoke na stima izimwe. Ndio naingia." Mama Trizah akauliza nani atayabeba magunia yote hayo, na kisiagi kikizimwa wale kina mama na mabeseni yao watakwenda kusaga kwingine. Nikamgeukia Etyang mbele ya watu wote nikamwambia, "Sema tu unaogopa. Mwanaume mzima." Alitoka akasimama mlangoni, amekunja mikono.

Hapo ndipo wewe uliposema, "Baba, mimi naweza kuingia."

Ningekuwa baba, ningekwambia shika boksi, twende nyumbani. Lakini kifua kilinipanda. Nilijiona nimezaa Mjusi mwingine, na watu walikuwa wanatazama. Nikakwambia, "Ngoja nizime kwanza." Mpaka hapo nilikuwa nasema kweli, Nekesa. Nilizunguka nje hadi kwenye boksi la mita kwa nia ya kuzima. Foleni ya kisiagi ilikuwa hapo hapo ukutani. Mama mmoja mwenye debe kichwani akaniona nikishika kifuniko, akapiga kelele, "Fundi, usithubutu! Watoto hawajala!" Wengine nao wakaanza. Nikasimama pale. Nikawaza ni swichi moja tu, anafungua skrubu, anatoa, anaweka mpya, mimi nimefanya hivyo mara nyingi stima ikiwaka na niko hai. Nikafunga kifuniko nikarudi.

Nikakwambia, "Nimezima. Ingia."

Uliingia ubavu kama nilivyokuonyesha. Halafu ukasimama, ukauliza kwa sauti yako ile ndogo, "Baba, mbona kisiagi bado kinanguruma?"

Nimelisikia hilo swali kila siku tangu wakati ule. Mtoto wa darasa la saba ameuliza swali ambalo fundi yeyote angepaswa kuuliza, na mbele yake alikuwa na baba anayejua jibu. Nikakwambia, "Hicho kiko kwa laini nyingine. Fanya kazi."

Hapakuwa na laini nyingine. Etyang alijua, maana yeye ndiye aliyevuta nyaya zile. Alisikia swali lako na akasikia jibu langu. Alikuwa ameshaanza kukimbia akipiga kelele, "Toka! Nekesa, toka!" uliposhikwa.

Kitu ambacho sikukijua, pamoja na mdomo wangu wote, ni kwamba ile nafasi mbele ya bodi si ya kustarehe. Ni ya kuanguka. Mtu akipigwa na stima, akibahatika, mwili unaruka nyuma na mkono unaachia. Wewe mwili wako ulitaka kuruka, nikauona ukitaka, lakini nyuma yako hapakuwa na nyuma. Palikuwa na sukari. Magunia yalikusukuma yakakurudisha kwenye bodi. Na swichi kubwa ya kuzimia duka lote ilikuwa humo humo kwenye bodi, ng'ambo ya kichwa chako, hakuna mkono wa mtu ambao ungeifikia. Ningeweza kukimbia nje kwenye mita. Sikukimbia. Nilisimama nikiwa nimeshika tochi, nimeganda, hata jina lako sikuliita.

Etyang hakuganda. Alilirukia lile rundo la magunia, akashika la katikati akalivuta kwa nguvu zake zote, rundo zima likaporomoka upande wake, na wewe ukaporomoka nalo. Hivyo ndivyo mkono wako ulivyoachia. Gunia moja lilimwangukia mguuni, ndiyo maana hadi leo akipanda pikipiki anaanza na mguu wa kushoto. Wewe unadhani ni maringo ya Adungosi.

Ulipofungua macho ulikuwa umelala kwenye sukari, nywele zote nyeupe. Uliniangalia mimi. Ulikuwa unangoja nikwambie kilichotokea. Na Mama Trizah alikuwa amesimama hapo, na wateja, na yule mama wa debe. Nikafungua mdomo nikasema, "Si nilikuambia usiguse kushoto?"

Sikuwa nimekuambia kitu kama hicho. Kushoto, kulia, hapakuwa na maneno hayo kabisa. Niliyatunga hapo hapo, na wewe ukayaokota ukayaweka kichwani, ukasema, "Pole, baba." Uliniomba mimi msamaha! Kisha nikakupeleka Alupe hospitali wakakufunga kidole, na njiani kurudi nikakununulia soda na kukwambia umebatizwa, sasa wewe ni fundi. Ukafurahi. Hadithi yote unayoisimulia niliitengeneza kati ya hospitali na nyumbani, ili usipate nafasi ya kukumbuka lile swali lako la kisiagi.

Etyang aliacha kazi siku hiyo, ni kweli. Aliweka boksi lake la vifaa mbele yangu akasema, "Sitafanya kazi tena na mtu anayeweza kusema amezima na hajazima." Basi. Hakupiga kelele. Watu walipouliza kwa nini ameacha, mimi nikawa wa kwanza kujibu. Nikasema ameogopa. Nilisema Malaba, nikasema Busia, nikasema hapa Mundika kanisani, nikasema mbele ya mamako ambaye ni dada yake wa damu. Akarudi Adungosi kulima njugu. Alikuwa fundi kunishinda mimi mara mia, na kazi zote zilizobaki nikazichukua mimi.

Usidhani nilijirekebisha siku iliyofuata. Mtu kama mimi harekebiki hivyo. Nilichofanya ni kuanza kukwepa. Nikiitwa mahali pamebanwa, nasema niko na kazi Alupe, au nasema mgongo unauma. Sikuwahi hata mara moja kumwambia mwenye duka wazi, "Ondoa vitu." Ningesema hivyo, ningekuwa nimekiri kwamba Etyang alikuwa sawa. Yaani hata jambo jema nililifanya kwa uongo.

Na ile siku ya chaki? Ulikuwa umerudi kutoka chuo likizo ya kwanza. Ukapiga magoti hapo kwenye korido, mbele ya bodi yetu wenyewe, ukachora mraba sakafuni kwa chaki, hatua moja kubwa ya mtu mzima kutoka ukutani, na ndani ya mraba palikuwa na gunia la makaa la mamako na baiskeli yangu. Ukasema, "Baba, hapa hapatakiwi kuwekwa kitu, hata ndoo." Ulisema kwa furaha, kama mtu aliyeleta zawadi. Nikakufokea. Nilisema vitabu havilishi mtu, nikasema nilikuwa nafunga stima kabla hujazaliwa. Uliangalia chini ukaufuta ule mraba kwa kandambili. Sikukasirika kwa sababu ulikosea, mwanangu. Nilikasirika kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona jinsi mraba wenyewe ulivyo mdogo. Ni nafasi ya mkeka. Hiyo tu ndiyo niliyomnyima mtoto wangu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naogopa kwamba kifo kitakachoniumbua si changu. Unaenda kwa watu usiowajua, na utakuta vyumba vilivyobanwa kuliko vya hapa, na utaambiwa na wakubwa wako uingie ubavu, na utaingia, kwa sababu unaamini siku ile kosa lilikuwa ni kichwa ngumu cha mtoto. Unaamini ukisikiliza vizuri maneno ya mkubwa, utakuwa salama. Hicho ndicho nilichokufundisha, na kinaweza kukuua.

Leo jioni nilimsindikiza Etyang hadi barabarani. Nilitaka kuzungumza nikashindwa, nikaanza habari za mvua. Yeye ndiye aliyezima pikipiki akaniangalia. Akasema, "Shemeji, mimi kutaniwa nimezoea. Wala hanikosei, anasema alichoambiwa. Lakini huyu mtoto asiende akidhani ni yeye alikosea. Hilo ndilo linaninyima usingizi."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hakusema yeye.

Akasema, "Ningemwambia nini? Babako ni mwongo? Nilikuwa nangoja useme wewe." Halafu akaongeza, na hapo alikuwa amekasirika, "Nimengoja sana, Makokha."

Nilimwomba msamaha pale barabarani, pikipiki na malori yakipita. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Mwambie mtoto kwanza."

Nimekwambia. Barua hii naisukuma chini ya mlango wako sasa hivi, kabla moyo haujabadilika, maana najijua. Kesho asubuhi Etyang atakuja kukupeleka steji ya Busia kwa pikipiki, nimemwomba, amekubali. Mimi sitakusindikiza. Ningependa sana, nimeota siku hii tangu ulipoanza chuo, lakini heshima ya kukupandisha gari ni ya mtu aliyekutoa kwenye yale magunia. Wageni wa leo mchana, kila mmoja, nitawapitia nyumbani kwao niwaambie kwa mdomo wangu nilichokuandikia hapa, nikianza na mamako akiamka. Unaweza kunikasirikia muda unaotaka. Usiponipigia simu nitajua ni kwa nini, na sitamtuma mtu akubembeleze.

Kazini, mtu akikwambia amezima, chukua testa yako upime mwenyewe, ukiwa umesimama mahali unapoweza kuanguka. Atakasirika. Wakubwa hukasirika sana wakipimwa, mimi nawajua, mimi ni mmoja wao. Atakuuliza kama humwamini. Mwambie bila kuona haya kwamba hata baba yako mzazi humwamini.

Ni mimi babako,
Makokha